Kupima maji ya Msimbazi: anzia chini, panda juu

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unatoka vilima vya Pugu, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini pale daraja la Salenda. Mimi nakaa Kigogo. Jirani zangu wanamwagilia mchicha na matembele kwa maji hayo. Kwamba mto ni mchafu kila mtu anajua. Kinachotakiwa ni kuonyesha uchafu unaingilia wapi.

Ndiyo maana hupimi sehemu moja. Ukishuku bomba au mtaro fulani, chota maji chini yake, pale yalipokwisha kuchanganyika, kisha panda uchote juu yake. Ukianzia juu, tope unalotibua litakufuata hadi kwenye chupa ya pili. Simama ukitazama maji yanakotoka, mdomo wa chupa uelekee huko, uchote chini kidogo ya uso wa maji. Vaa gambuti na glavu, na kama una kidonda usiingie kabisa.

Vifaa si lazima viwe vya gharama. Chukua mrija mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, ziba chini kwa kifuniko chenye alama nyeusi na nyeupe, uchore sentimita ubavuni. Jaza maji, kisha yapunguze polepole huku ukichungulia kwa juu. Alama ikianza kuonekana, andika kina. Kina kikiwa kifupi, maji yana tope zaidi. Mkipata kipimo cha oksijeni, kitumieni palepale mtoni, maana maji yaliyokaa kwenye chupa hubadilika. Kwa joto la Dar, nyuzi 28 hivi, maji baridi yasiyo na chumvi hubeba takriban miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2, samaki wengi hawaishi.

Geuza na mawe ya mtoni uone wadudu walio chini yake. Ukikuta watoto wa kerengende, bado kuna uhai. Ukikuta vijiminyoo vyekundu peke yake, oksijeni ni kidogo mno pale, hata kama leo maji yanang'aa.

Vijidudu vya kinyesi havionekani kwa macho. Omba maabara chupa iliyotakaswa, usiguse ndani ya kifuniko, iweke kwenye barafu na uifikishe ndani ya saa 6.

Daftari liwe na tarehe, saa, mahali, picha, na kama mvua imenyesha. Mvua usiidharau: ndipo watu wanapotapisha vyoo. Pima siku kavu na pima baada ya mvua, uone ni uchafu gani unatiririka kila siku na upi unasubiri mawingu. Karibu na Salenda nenda bahari ikiwa imekupwa, la sivyo unapima maji ya bahari.

Mkiwa na vipimo vya siku kadhaa vinavyosema jambo moja, vipelekeni serikali ya mtaa, nakala NEMC (chombo cha taifa cha kusimamia mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Takeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Mtaje kifungu cha 57.

Na kabla ya ofisi yoyote, waambieni wenye bustani. Wamwagilie shinani badala ya kwenye majani, na waache maji ya mto siku kadhaa kabla ya kuvuna. Mboga hizo zinaliwa leo.