Kabla ya kuvaa miwani ya kutibu woga wa mahali pa juu

Kama umewahi kukataa kibarua cha kupaka rangi ghorofani, au unaogopa kujiunga na wapagazi kwa sababu ya ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kukwea kule Mlima Kilimanjaro, tiba ya miwani ya uhalisia pepe (VR), inayokuonyesha picha za kompyuta kana kwamba uko juu kweli, inakuhusu. Si jambo la jana. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuutibu woga huu kwa picha za kompyuta.

Ulizia kwanza mtu, miwani baadaye. Miwani hata kijana wa michezo ya kompyuta anayo. Asichonacho ni ujuzi wa kupima hofu yako na kujua lini akusogeze mbele. Kwa watu wa Moshi, ningeanza kwa kuulizia huduma za afya ya akili katika hospitali ya KCMC, wakuelekeze.

Mweleze mtaalamu mapema kama una kifafa, kipandauso au kizunguzungu cha mara kwa mara. Taja pia dawa za kutuliza wasiwasi, maana baadhi huizima hofu ambayo tiba inataka uihisi. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Siku hiyo kula kidogo, kwa kuwa macho yakiona mwendo na mwili umetulia, kichefuchefu huja. Pikipiki iache nyumbani.

Kazi kubwa ni ya daftari. Panga hali zinazokutisha kuanzia nyepesi: roshani ya ghorofa ya kwanza, ya nne, kisha ukingo usio na kizuizi. Kila moja ipe alama ya hofu, 0 (hakuna) hadi 100 (kubwa kabisa). Pembeni andika unachoamini kitatokea: "nitaanguka", "moyo utasimama". Usiruke hili, tafadhali. Ukishavaa miwani, miguu iko kwenye sakafu ya chumba lakini magoti yatatetemeka na viganja vitalowa. Ukifumba macho, umejinyima tiba. Tazama chini, ubaki hapo, uone kama ulichoandika kimetokea. Hofu ikipungua bila wewe kukimbia, ubongo unajifunza kitu ambacho maneno ya kutiwa moyo hayajawahi kuufundisha.

Mwenye pia woga wa aina nyingine, wa kuzimia akiona damu au sindano, aseme mapema. Yeye hufundishwa kukaza misuli ili presha isishuke.

Mwisho, chagua kabisa jengo la kweli la kupanda wiki hiyohiyo, pale Arusha mjini au popote ulipo, na umwambie atakayekusindikiza asikushike mkono.