Presha ya tabo ikipanda, ya mafuta ipande nayo

Kwa mafundi wa injini za mashindano za methanoli (mafuta ya alkoholi) zenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini: usitegemee pampu ya mafuta inayozungushwa na injini peke yake. Pampu hiyo hufuata mzunguko tu. Tabo haina adabu hiyo; kwa mizunguko ileile 6,000 kwa dakika inaweza kusukuma bar 0.5 au bar 2, kutegemea mzigo, na pampu haina habari. Dawa yake ni vali kwenye njia ya marejeo ya mafuta, inayozidi kujifunga kadiri presha ya tabo inavyopanda, ili mafuta mengi zaidi yaende kwenye injini badala ya kurudi tangini.

Kwenye nozeli za umeme, weka regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) inayosoma presha ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na kupandisha ya mafuta bar kwa bar. Bila hiyo, mafuta yakiwa bar 3 na tabo ikatoa bar 2, kinachobaki cha kuyasukuma ni bar 1, na mtiririko hushuka hadi kama 58% ya ule wa bar 3. Injini inakosa mafuta pale pale inapoyahitaji zaidi, na pistoni huyeyuka. Methanoli inataka kilo 1 kwa kila kilo 6.4 za hewa (petroli ni 14.7), kwa hiyo nozeli ziwe kubwa tangu mwanzo.

Mpira wa kusomea presha uanzie kwenye manifoldi, baada ya kilango cha hewa, usigawane na kifaa kingine. Uukague kila mara. Ukichomoka, regyuleta inakuwa kipofu.

Kupima ni rahisi: injini imezimwa, pampu ya umeme inafanya kazi, ingiza bar 1 kwenye regyuleta kwa pampu ya baiskeli. Geji ya mafuta ipande bar 1 kamili.