Jinsi ya kutafuta kangaga la mbuni kando ya mto

Kangaga la porini linalochumwa zaidi kwa ajili ya kuliwa mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani ni kangaga la mbuni (Matteuccia struthiopteris), lililoitwa hivyo kwa sababu majani yake yanafanana na manyoya ya ndege huyo.

Hatua ya 1. Anzia mtoni. Tafuta ardhi tambarare ambayo mto huifunika theluji inapoyeyuka, kisha maji yakishuka huacha tope laini lililochanganyika na mchanga, kama ilivyo kandokando ya mto Saint John huko New Brunswick na kwenye visiwa vyake. Vijiti na nyasi kavu zilizonasa kwenye vichaka kimo cha goti huonyesha maji yalifika wapi. Finyanga udongo kiganjani: uwe na unyevu, lakini usichuruzike maji, kwani kangaga hili halipendi maji yaliyotuama. Juu yake iwepo miti kama mepo, ambayo huchelewa kutoa majani, hivyo jua hufika chini mapema na kivuli huja baadaye.

Hatua ya 2. Kagua mahali hapo kabla ya msimu. Majani ya mwaka uliopita yanayobeba spora (chembechembe ambazo kangaga huzaliana nazo badala ya mbegu), magumu na ya kahawia, hubaki yamesimama wakati wote wa baridi. Mimi huyatafuta Oktoba, nikiwa na nafasi ya kumwomba ruhusa mwenye ardhi.

Hatua ya 3. Rudi mwishoni mwa Aprili au Mei, machipukizi yakiwa bado yamejikunja na hayajazidi sentimita 15. Bua liwe nyororo, lenye mfereji wa umbo la U upande wa ndani kama wa seleri, na chipukizi lifunikwe na magamba ya kahawia membamba kama karatasi. Likiwa na sufu, liache. Liache pia kangaga la sehemu kavu na zilizoungua, ambalo wengi wetu tumeliona kwenye miteremko ya milima ya Afrika Mashariki, kwa kuwa lina sumu inayohusishwa na saratani.

Hatua ya 4. Usikate zaidi ya matatu kwenye shina moja.

Hatua ya 5. Osha, ondoa magamba, chemsha kwa dakika 15, kisha mwaga maji hayo. Mwaka 1994 watu waliugua New York na magharibi mwa Kanada baada ya kula machipukizi mabichi au yasiyoiva vizuri.