Ukuta wa udongo wa kushindilia: mbinu ya Alentejo kwenye ardhi ya Maseno

Kabla ya kununua mfuko wowote wa saruji, chimba shimo la kufika kiunoni pale unapotaka kujenga. Sentimita 30 hadi 50 za juu, zile zenye mizizi na mboji, peleka shambani, haziingii ukutani. Angalia kilicho chini yake. Huku Maseno, magharibi mwa Kenya, na ukipanda hadi Vihiga, mara nyingi utakuta udongo mwekundu wenye changarawe, na hiyo ni mali. Ukiwa tambarare za Kano utakuta ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikija. Huo usiutumie hata ukipewa bure. Lipia lori likuletee maramu, yaani ule mwekundu wenye changarawe, kutoka juu.

Mimi ni fundi wa kuta, kazi zangu nyingi ziko kati ya Kisumu na Maseno. Mbinu ninayoeleza, ya kushindilia udongo ndani ya fomu mpaka uwe ukuta, ni ya Alentejo, kusini mwa Ureno, ambako inaitwa taipa. Kuta za huko zina unene wa karibu nusu mita na hupakwa chokaa nyeupe; jua likichoma nje, ndani kunabaki ubaridi. Saruji na matofali ya kuchoma vilipoenea katikati ya karne ya 20, taipa ilikaribia kupotea. Baadaye, tangu miaka ya 1980, wasanifu wa pande za Odemira na Serpa wakaanza kuirudisha kwenye nyumba mpya, na siku hizi wanaojengewa ni watu wenye uwezo kabisa.

Hilo la mwisho nalitaja makusudi, maana najua pingamizi litakalokuja. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nililelewa kwenye nyumba ya matope. Sasa nimezeeka unanirudisha huko?" Nikamjibu, "Mama, ile ilikuwa fito na matope, mvua inaila kila msimu. Hii inashindiliwa mpaka kucha isiweze kuikwaruza." Alikubali nijenge chumba kimoja kwanza. Nadhani ndivyo kila mtu angepaswa kuanza.

Sasa pima udongo wako. Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa vizuri, kisha uache mpaka kesho. Mchanga utalala chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 10 na 20, uko sawa. Ukizidi, changanya na mchanga wa mto, la sivyo ukuta utapasuka ukikauka. Wengine huongeza saruji asilimia 5 hadi 8 kwenye kila mchanganyiko. Mimi naiweka tu pale udongo unapokosa mfinyanzi wa kutosha, kwa sababu ukuta usio na saruji, ukiubomoa, unaponda na kuujenga tena.

Unyevu ndio unaowashinda wengi, kwa hiyo hapa nenda polepole. Chota udongo kiganjani, ubane kwa nguvu mpaka uwe donge, unyooshe mkono usawa wa bega, uachie donge lianguke kwenye ardhi ngumu. Likitawanyika likawa unga, nyunyiza maji. Likibaki bonge zima, au likibondeka tu, lina maji mengi. Tandaza udongo juani. Likivunjika vipande vichache, anza kazi mara moja. Rudia kila karai chache, kwa sababu jua la saa sita linabadilisha kila kitu.

Fomu ni mbao mbili nene, urefu wa mita mbili hivi, kimo cha nusu mita, zikishikwa pamoja kwa vijiti vinavyopita chini na kufungwa kamba juu. Mwaga udongo sentimita 12 hadi 15, ushindilie kuanzia kingo ukielekea katikati. Sikiliza. Mwanzo kishindilio kinatoa mlio mzito, wa kufifia. Tabaka likishikana, mlio unakuwa mkali na kishindilio kinarudisha mkono. Hapo mwaga tabaka jingine. Fomu ikijaa unaifungua papo hapo na kuisogeza mbele. Safu ya juu ipishanishe viungo na ya chini, kama unavyopanga matofali. Shika timazi kila mara.

Kuhusu maji, Wareno hawatatusaidia sana. Beja, mji ulio katikati ya Alentejo, hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka. Kisumu hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo msingi wa mawe uinue angalau nusu mita juu ya ardhi, uweke karatasi ya kuzuia unyevu juu yake, na mabati yatokeze karibu mita moja kila upande. Mwenye nyumba akikataa upenu mpana kwa kubana pesa, mimi siichukui kazi hiyo. Juu ya kuta mwaga ringibimu, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta zote, iushike mjengo wote.

Kwa dari nako tumia kitu cha karibu. Algarve, jimbo la Ureno lililo kusini mwa Alentejo, walizoea kutandika matete chini ya vigae. Sisi tuna mikeka ya mafunjo ya ziwani, inapunguza joto na kelele za mvua kwenye mabati. Wasanifu Álvaro Siza na Eduardo Souto de Moura walipojenga banda la Ureno kwenye maonyesho ya dunia ya Hannover, Ujerumani, mwaka 2000, walifunika kuta kwa koki, gome la mwaloni linalochunwa kila baada ya miaka 9 bila mti kukatwa. Mafunjo nayo, ukivuna kwa mpango, yanachipuka tena.

Usipige plasta ya saruji. Inafungia maji ndani, kisha inabanduka ikiwa na kipande cha ukuta. Acha ukuta ukauke miezi kadhaa, upige plasta ya udongo, mchanga na chokaa, halafu pitisha chokaa nyembamba mara tatu kwa brashi pana. Chokaa ya Koru, ya hapa hapa kaunti ya Kisumu, inafaa. Iloweke siku kadhaa kwanza, na uvae miwani, inachoma macho. Kila Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, zungukia nyumba, ziba nyufa, kisha upake upya upande unaopigwa na mvua.