Maharage yakishachemka, punguza moto

Mnaopikia gesi: sufuria ya maharage ikishaanza kutokota, punguza moto hadi ubaki mdogo kabisa, mradi maji yaendelee kuchemka polepole. Maharage hayatachelewa kuiva.

Maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena, hata uwashe moto wa kutisha. Moto unaozidi unafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na hapo ndipo mtungi unapoliwa. Kuigeuza lita moja iliyokwisha kuchemka iwe mvuke wote kunataka joto kama mara saba ya lile lililoitoa nyuzi 25 hadi 100. Ndiyo maana unakuta jiko limelowa povu, dirisha linatoka jasho, umeshaongeza maji mara tatu, na ukionja punje bado inagonga meno.

Funika pia. Mvuke ukigusa mfuniko unarudi kuwa maji na kudondoka ndani.

Hizo nyuzi 100 ni zetu sisi wa pwani. Nairobi na Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hiyo huko mtasubiri zaidi hata mchochee vipi. Hapo sufuria ya presha inalipa kweli: inauzuia mvuke usitoke, na maji ndani yanakaribia nyuzi 120. Ila yaloweke usiku kucha kwanza, presha au bila presha.