Jinsi ya Kutumia Msemo wa Kiingereza "Sell Down the River"

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Jinja alipewa sentensi ya Kiingereza "He sold us down the river" aitafsiri, akaandika "Alituuza chini ya mto", na darasa zima likaangua kicheko, kwani hakuna aliyejua ni soko gani hilo lililo chini ya maji ya Nile. Maana yake halisi ni "alitusaliti", lakini kosa lake linaeleweka. Kiingereza kinapotaja mto, "down" ni upande unakoelekea mkondo: kwetu ni kaskazini, kutoka Ziwa Viktoria kwenda Kyoga, ilhali kwa mto Mississippi wa Marekani, ulikochipuka msemo huu, ni kusini.

Huko kusini ndiko kwenye uchungu wa maneno haya. Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, biashara ya watumwa ya ndani ya nchi ilishamiri, na mabwana wa majimbo kama Kentucky wakawauza watu kwa wachuuzi waliowateremsha kwa mito Ohio na Mississippi hadi Natchez na New Orleans, kwenye mashamba ya pamba na miwa. Msomaji wa huku kwetu Busoga aliyewahi kukata miwa juani anaijua kazi hiyo, ila yeye jioni hurudi kwake. Aliyeteremshwa mtoni alitengwa na mwenzi, watoto na wazazi, na mara nyingi hakuwaona tena. Aliyemuuza naye hakuwa mgeni, bali mtu aliyemjua kwa jina.

Kwa hiyo utumie msemo huu pale tu ambapo mtu aliyeaminiwa amewageuka waliomwamini kwa faida yake mwenyewe. Tuseme waendesha bodaboda wamemtuma mwenyekiti wa steji akawatetee wasihamishwe, naye akapokea bahasha na kutia sahihi kwamba wamekubali kuhama. Hapo "Our chairman sold us down the river" imekaa mahali pake. Rafiki aliyesahau kukununulia rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) ya asubuhi hajafika huko, na binafsi siupendi msemo huu katika utani, hasa mbele ya Wamarekani Weusi, ambao mababu zao ndio waliouzwa.

Usiuchanganye na "throw under the bus", ambao ni kumtwika mwenzako lawama ili wewe upone, wala na "stab in the back", ambao hutilia mkazo hiana ya kisirisiri, iwe na faida au isiwe nayo.

Kwa upande wa sarufi, anayesalitiwa hukaa katikati: "sold us", kisha "down the river". Kauli ya kutendwa, "we were sold down the river", nayo ni ya kawaida.

Ukitafsiri, uache mto huko huko. Kiswahili kina "ametuuza", neno ambalo tayari limebeba usaliti, na ukitaka kuonyesha kwamba alipata kidogo kuliko alichoharibu, sema "ametuuza kwa bei ya kutupa". Katika barua ya malalamiko kwa ofisi, msemo wenyewe uuache kabisa, hata kama unaandika kwa Kiingereza. Eleza mwenyekiti alitia sahihi karatasi gani, siku gani, na nani alikuwepo.