Somo: Kutenganisha tofauti za watu na tofauti za hali katika modeli moja

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel aliandika kwamba uwiano (korelesheni, ambayo kilele chake ni 1) kati ya kipimo cha haiba ya mtu na mwenendo wake halisi kwa kawaida hauvuki 0.30 hivi, na ubishi kuhusu kipi kina nguvu zaidi, mtu au hali aliyomo, ukaendelea kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ubishi huo ni ya hesabu, kwani vyote viwili hukadiriwa kwa data ileile mradi kila mtu apimwe mara kadhaa.

Hatua ya 1. Kila mstari wa jedwali uwe kipimo kimoja, si mtu mmoja. Aliyeulizwa mara 20 kuhusu wasiwasi wake awe na mistari 20 yenye namba yake.

Hatua ya 2. Anza na modeli tupu, yaani mlinganyo wa takwimu unaotambua tu kipimo ni cha mtu yupi, usio na kisababishi chochote. Tuseme imetoa variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya 0.60 kati ya watu na 0.90 ndani ya mtu: 0.60 ukiigawa kwa jumla ya 1.50 unapata 0.40, yaani asilimia 40 ya tofauti zote ni tofauti kati ya watu. Asilimia 60 iliyobaki usiiite yote “hali”, maana makosa ya upimaji nayo yamejificha humo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua kasi ya kusoma kwa sauti na idadi ya makosa. Ukilinganisha watu, wasomaji wa kasi ndio wazoefu, hivyo hukosea kidogo. Lakini mtu yuleyule akijiharakisha kuliko kawaida yake, makosa huongezeka. Ukiiingiza kasi kama ilivyo, modeli itachanganya mielekeo hiyo miwili inayopingana na kukupa namba moja isiyomhusu yeyote. Kwa hiyo tafuta wastani wa kasi wa kila mtu, toa wastani huo katika kila kipimo chake, kisha ingiza vyote viwili, wastani na mkengeuko.

Hatua ya 4. Ruhusu mteremko wa mkengeuko, yaani kiasi ambacho makosa hubadilika mtu anapozidisha kasi yake ya kawaida, utofautiane kati ya watu, kwa kuwa haraka haimwathiri kila mtu kwa kiasi kilekile.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina watu 300 waliojaza hojaji mara moja tu. Naweza kufuata hatua hizi?*

Hapana, ndugu yangu. Kipimo kimoja kwa mtu hakitenganishi alivyo na alivyokuwa siku hiyo, hata wangekuwa 3,000.

*Programu inaniambia variansi ya mteremko ni sifuri. Je, watu wote wako sawa?*

Si lazima. Mara nyingi vipimo kwa kila mtu ni vichache mno kuikadiria. Ondoa mteremko huo unaobadilika, lakini katika ripoti usiandike kwamba umethibitisha usawa.

*Na kama washiriki wote walipitia hali zilezile 12?*

Basi hali nazo zipewe variansi yake, sambamba na ya watu. Ukitaka pia mwingiliano wa mtu na hali, rudia kipimo angalau mara mbili kwa kila mtu katika kila hali, la sivyo mwingiliano huo hautatengana na makosa ya upimaji.